Anko wa Baiskeli anajibu: vibao, ramani na wageni wa njia ndefu

Tangu tuongelee safari za baiskeli za masafa marefu meseji zimejaa mpaka simu inapata moto, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa namna tofauti, kwamba njia ya baiskeli ya mbali inaanzishwaje, nani anaweka vibao, ramani inatoka wapi, na watu watajuaje kama ipo. Nimechukua chache. Barua nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe, kuna mmoja alinitumia voisi noti ndefu kuliko safari yenyewe.

Shikamoo anko. Sisi ni kikundi cha baiskeli hapa Moshi, tunataka kuanzisha njia ya kutoka Moshi mpaka Tanga isiyotegemea barabara kuu. Tumepata mfadhili amesema atatuchapishia vibao. Tuanze na vibao vingapi na tuviweke wapi?
*Kikundi cha Moshi*

Marahaba wanangu, na hongereni. Huyo mfadhili msimwache aende, mpeni chai, lakini mwambieni asubiri maana vibao havitakiwi sasa hivi. Mkichapisha vibao vya njia ambayo hamjaipita masika mtajikuta mmeelekeza watu kwenye korongo lililojaa maji, na kibao kipo pale kinang'aa.

Kinachoanza ni mstari, yaani njia iliyopitwa kwa magurudumu, kwenda na kurudi, kiangazi na masika, ikarekodiwa kwenye simu. Nyie pale Same mna njia mbili za kuteremkia: ile ya lami ya Makanya na Hedaru ambako mabasi ya Dar yanawapulizia mpaka mnaingia majanini, na ile ya nyuma ya milima ya Upare, Kisiwani, Gonja, Ndungu, mnakuja kutokea Mkomazi. Uamuzi mkubwa wa njia yenu uko hapo, mengine yote ni madogo. Mi ningechukua ya nyuma bila kufikiria mara mbili, magari machache, mashamba ya mpunga pale Ndungu, milima iko pembeni unaitazama tu bila kuipanda. Ila mko ubavuni mwa hifadhi ya Mkomazi na tembo hawana habari na ratiba yenu, kwahiyo kaeni na serikali za vijiji muulize wanavuka wapi na saa ngapi kabla hamjachora chochote. Na msiishie kwa viongozi. Muulizeni anayebeba mkaa kwenye Phoenix, muulizeni kijana wa maziwa, hao wanajua kilima kipi kinapandika na mzigo na kipi lazima ushuke usukume, na mgeni mwenye mabegi manne kwenye baiskeli ana mzigo vilevile.

Halafu anzeni na kipande. Kule Uingereza mtandao wao wa taifa wa njia za baiskeli ulianzia Bristol mwaka 1977, kikundi tu cha watu kama nyie, wakachukua tuta la reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath, kilomita 21 hivi, wakalijenga kidogokidogo kuanzia 1979 mpaka 1986, tena kwa nguvu za watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa. Pesa kubwa ya bahati nasibu ya taifa, zaidi ya pauni milioni 40, ilikuja 1995 wakati tayari kuna kitu cha kuonyesha, na mtandao wenyewe ukafunguliwa rasmi mwaka 2000. Kwahiyo Same mpaka Mkomazi kwanza, ikae sawa, ndo muende mbele.

Sasa mkifika kwenye vibao. Kibao kinakaa pale ambapo mtu anaweza kukosea, basi. Kilomita kumi za barabara moja isiyo na mchepuko zinahitaji kimoja cha kumtoa mtu wasiwasi, lakini senta yenye njia panda nne na sokoni katikati inaweza kula sita. Kwenye njia panda kuna kibao cha kabla ya kona, mapema kidogo ili mtu anayeteremka kwa kasi apunguze, na kuna kidogo cha baada ya kona kinachomwambia umekata sawa, endelea. Hiki cha pili ndicho kila mtu anakisahau na ndicho kinachofanya watu wasirudi nyuma kuuliza. Na kumbukeni kuna wanaotoka Tanga kuja Moshi, kwahiyo njia panda mia moja si vibao mia moja, ni kama mia nne, viwili kila upande, sasa mpigieni mfadhili hesabu hiyo muone kama bado anatabasamu.

Juu ya kibao wekeni namba au jina fupi, mshale, mji unaofuata na kilomita. Waswisi wamelifanya hili vizuri kuliko wote niliowaona, vibao vyao vya baiskeli ni vyekundu nchi nzima, njia ya taifa ina tarakimu moja, ya mkoa tarakimu mbili, ya mtaani tarakimu tatu, mtu akiona namba tu anajua hii inampeleka mbali au inamzungusha kijijini. Nyie msije mkaniandikia "Njia ya Utalii Endelevu wa Milima na Pwani ya Kaskazini Mashariki" kwenye bati la sentimita thelathini.

Na ruhusa. Barabara kuu na za mkoa mnaenda TANROADS, za wilaya na vijijini ni TARURA. Kwenye barabara kuu hifadhi inaenda mita 30 kila upande kutoka katikati, nguzo mkiisimika humo bila barua itang'olewa na mtakuwa hamna pa kulalamikia.

Niaje mzee. Mi naona hii mambo ya vibao ni kupoteza pesa. Kila mtu ako na simu. Na huku chuma ikisimamishwa barabarani wiki hamalizi, ishauzwa skrepa. Si mpatiane tu faili la GPX, ile yenye mstari wa njia mtu anafungua kwa simu, tumalize hii stori?
*Msomaji wa Nairobi*

Poa sana kijana. Kwa nusu uko sahihi, tena una ushahidi kuliko unavyodhani. Njia maarufu kuliko zote za baiskeli Marekani, ile ya kuvuka bara zima kutoka Astoria kule Oregon mpaka Yorktown Virginia, kama kilomita 6,800, ilizinduliwa 1976 na watu zaidi ya elfu nne wakaipanda mwaka huohuo, wengine nchi nzima na wengine vipande, na iliendeshwa kwa vijitabu vya ramani vya kuweka kwenye begi la mbele. Hakukuwa na msururu wa vibao. Shirika lililoianzisha liko Missoula, Montana, na mpaka leo linauza ramani. Wakati huohuo serikali za majimbo zikaja na mfumo rasmi wa namba, 1982 zikapitishwa njia mbili, namba 1 na namba 76, halafu kimya, hakuna nyingine mpya iliyopitishwa mpaka 2011. Karibu miaka thelathini! Ramani ya shirika ilikuwa inauzwa kila siku, kibao cha serikali kinasubiri kikao.

Lakini nusu ya pili sikubaliani na wewe. Simu inaisha chaji, bando linaisha, kioo kinapata jua la saa saba huoni kitu, na kwenye vumbi na jasho kidole hakishiki. Hayo madogo lakini. Kubwa ni kwamba GPX inamwambia mwendesha baiskeli peke yake. Kibao kinamwambia dereva wa lori kwamba hapa kuna watu wa baiskeli, kinamwambia mama wa chai kwamba hawa wanaopita wana njia yao na kesho watapita wengine kwahiyo apike maandazi zaidi, na kinamwambia mtendaji wa kijiji kwamba hiki kitu kipo. Njia isiyoonekana na wanaoishi kando yake haina wa kuitetea siku greda linapokuja.

Kuhusu skrepa, usiweke chuma. Waholanzi wana vibao vifupi vya zege vyenye umbo la uyoga, wamekuwa navyo tangu 1919, viko chini usawa wa goti la mtu aliyeko kwenye baiskeli, kila kimoja kina namba yake. Hakuna wa kukibeba na akikibeba hana wa kumuuzia. Na kama hata zege ni gharama basi rangi. Kalavati zipo, nguzo za zege za kilomita zipo, kuta za maduka zipo ukiongea na mwenye duka. Stensili mnakata kwenye picha kuukuu ya eksrei, haichaniki na inajikunja vizuri kwenye kitu cha duara, mnasugua kwanza kwa brashi ya waya mpaka vumbi na ukoga vitoke, rangi ya mafuta, koti mbili, mshale na namba, basi. Ukipaka juu ya vumbi mvua ya kwanza inaondoka nayo. Na usipake kwenye mti wa mizimu au jiwe la matambiko ya watu, hilo sitaki hata kulieleza.

Kaka habari. Niliichora njia yetu kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, mstari mzuri kabisa kutoka mjini mpaka mwaloni, siku mbili baadaye kuna mtu kaifuta na kaniandikia kimeseji cha Kiingereza. Ndo ubaguzi wenyewe huu?
*Msomaji wa Mwanza*

Si ubaguzi mdogo wangu, hata angekuwa binamu yako angekufutia. Umechora barabara mpya juu ya barabara iliyopo. Kwenye ramani ile barabara inachorwa mara moja tu, na njia ya baiskeli sio mstari wa pili, ni orodha inayosema kipande hiki, na kile, na kile, vyote vinafanya njia moja yenye jina hili na namba hii. Orodha hiyo inaitwa relesheni. Unaifungua mpya, unaipa aina ya njia, unaiambia ni ya baiskeli, unaipa jina na namba, halafu unabonyeza vipande vya barabara kimoja kimoja vinaingia ndani. Kuna herufi za ukubwa wa njia pia, lcn kwa ya mtaani, rcn ya mkoa, ncn ya taifa, icn ya kuvuka mipaka ya nchi. Usijipandishe cheo, njia ya kwenda mwaloni ni lcn.

Na kitu kingine ambacho huenda ndicho kilimkera huyo jamaa, sheria ya pale ni kuchora kilichopo ardhini. Kama njia yenu bado ni wazo na hakuna hata alama moja ya rangi huko nje, iandike kama pendekezo, kuna tagi yake kabisa, yaani lebo, state=proposed, baadhi ya ramani zitaionyesha kwa mstari wa vitone. Na usinakili kutoka Google, hiyo ndo dhambi kubwa kuliko zote, haki za watu hizo. Pita mwenyewe na simu ikirekodi, piga picha kila njia panda, au chora kwa picha za setilaiti zinazoruhusiwa ndani ya programu yenyewe.

Ukishakuwa huko, usiishie kwenye mstari. Kinachomsaidia mtu wa baiskeli ni yale wenye magari hawayaandiki, kwamba hapa ni mchanga, hapa changarawe, hapa mto hauna daraja unavuka majini, hapa masika hapapitiki. Vyote vina tagi. Wale vijana wa Ramani Huria pale Dar, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu pamoja na wakazi wa mitaa, kuanzia 2015 wamechora mpaka mitaro ya maji ya kata zinazofurika, kwa ramani hiihii, kwahiyo usiniambie haiwezekani kwetu.

Njia ikishaingia itaonekana yenyewe kwenye ramani kama CyclOSM, na Waymarked Trails inakuonyesha njia nzima na mchoro wa milima yake, na hapohapo mgeni anachukua faili la GPX bila kukuuliza wewe. Ila ichungulie mara kwa mara. Mtu akija kurekebisha barabara, akafuta kipande na kuchora upya, relesheni yako inapata pengo na hatajua kama ameivunja, nawe hutajua mpaka mgeni apotee. Ukiona njia imekatika katikati ya ramani usitukane mtu, ziba pengo uendelee.

Asalaam alaykum kaka. Mie ni Mzanzibari nipo Rotterdam. Huku baiskeli wanapanda kwa namba, njia panda kila moja ina namba yake, waandika 34, 35, 88 kwenye kikaratasi wenda zako. Ati ni nani aliyebuni haya? Na kwetu Unguja yafaa?
*Dada wa Rotterdam*

Waalaykum salaam dada. Mholanzi jirani yako atakwambia ni yao lakini sivyo, walianza Wabelgiji, mkoa wa Limburg, mwaka 1995, na aliyekuja na wazo ni mhandisi wa migodi anaitwa Hugo Bollen. Mkoa ule ulikuwa wa makaa ya mawe. Chini ya ardhi hakuna jua wala mnara wa kanisa wa kukuonyesha upo wapi, njia zinakutana na kugawanyika gizani, mtu anakwenda kwa namba ya makutano. Akapandisha utaratibu huo juu kwenye baiskeli. Waholanzi wakauchukua wakausambaza nchi nzima, namba hazizidi tarakimu mbili, zikiisha zinaanza upya eneo lingine, hakuna anayechanganyikiwa maana 34 mbili hazikai jirani.

Uzuri wake ni kwamba njia haina mwenye kukuamulia. Wale wenye njia ndefu ya jina moja wanakuambia anzia hapa ishia pale. Wenye namba wanakuachia, leo mguu unauma unakata 35 unarudi nyumbani, kesho una nguvu unaongeza 88 na 12. Na gharama ya kibao inapungua kwa sababu kibao kimoja kinahudumia safari elfu za watu tofauti, hakijachapishwa jina la njia yoyote.

Unguja kwa mawazo yangu yafaa sana, kuliko hata Moshi na Tanga. Kisiwa kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi hakifiki kilomita 100, njia za vijijini ni nyingi mno, zinapita mikarafuuni na kwenye mihogo na matumbawe huko kusini, na mgeni wa hotelini hataki safari ya wiki, anataka kutoka asubuhi arudi kabla ya maghrib. Njia ndefu moja ya jina haimfai. Namba zinamfaa. Ila zinadai mtandao wote uwe umekamilika siku ya kufungua, hapo ndo penye kazi, maana kibao cha 17 kinachokuelekeza 18 na 18 yenyewe haijawekwa ni uongo tu. Njia ya mstari mmoja unaweza kufungua kipande kimoja. Mtandao wa namba, hapana, ama eneo zima ama msianze, hata kama eneo lenyewe ni dogo, tuseme Makunduchi na Jambiani na vijiji vya katikati.

Mwanangu, mimi nina nyumba ya kulala wageni huku Lushoto, vyumba sita. Wazungu wa baiskeli nawaona wanapita, wanajaza maji wanaenda. Nimeambiwa nitengeneze tangazo kubwa la rangi. Nifanyeje ili walale?
*Mama wa Lushoto*

Shikamoo mama. Tangazo kubwa acha kwanza. Mtu aliyepanda kutoka Mombo mpaka Lushoto kwa miguu yake, zile kona zote, kalowa jasho, ana swali moja kichwani akifika mlangoni kwako: baiskeli yangu inalala wapi? Hawezi kuiacha nje hata ukimwapia, ile ndio gari lake na nyumba yake. Kama una stoo yenye kufuli, hata stoo ya magunia ya viazi, ifagie, andika kwenye karatasi mlangoni "Baiskeli inalala ndani", umewapita wenzako wote wa barabara ile.

Wajerumani wana alama yao ya nyumba za wageni za namna hii, inaitwa Bett+Bike, chama cha waendesha baiskeli ndicho kinaitoa tangu 1995. Masharti hayana makuu: umpokee mtu hata kama analala usiku mmoja, umpe pa kufungia baiskeli, pa kukaushia nguo, kifungua kinywa cha kushiba, na vifaa vya kurekebisha kidogo. Quebec nao wana njia yao ya Route Verte iliyokamilika 2007, inapita zaidi ya kilomita elfu tano, na nyumba zilizoko kando zinapewa alama yenye maneno ya kuwakaribisha, na kwa upande wa kambi za mahema kuna sharti nalipenda sana, aliyekuja kwa baiskeli hafukuzwi kwa kusema hukubuku. Mtu wa gari ukimwambia pamejaa anawasha gari, mtu wa baiskeli saa kumi na mbili jioni ana wapi pa kwenda na giza linaingia?

Kwako wewe mama hiyo ni kamba ya kuanikia, beseni, pampu moja, tyubu mbili za saizi za kawaida, viraka na solusheni, kiasi hicho fundi wa sokoni atakununulia. Na chakula. Usimpe mayai mawili na mkate mwembamba, mpe uji, viazi, maharage ya jana, ndizi, ale mpaka aone aibu. Hawa hawalipi sana ila wanaandika sana, wakifika wanakofika wanawaambia wenzao wote.

Na nikupe mfano wa tangazo lisilo na rangi. Kwenye ile njia ya kuvuka Marekani niliyomwambia kijana wa Nairobi kuna kilima kikali Virginia, kijiji cha Afton, mwaka ule wa 1976 ramani ilionyesha kwamba pana maji pale lakini hayakuwepo, watu wakawa wanagonga nyumba ya bibi mmoja anaitwa June Curry kuomba maji. Akawapa maji na biskuti. Wakawa wanamtumia postikadi na picha, akazibandika ukutani kwenye kijumba cha jirani, akaacha wasafiri walale humo, na miaka ikaenda mpaka akafariki 2012 watu bado wanapanga safari ili wapite kwake. Haikutangazwa na mtu. Wewe una ukuta mama, waombe picha na saini.

Tangazo lako lenyewe liwe kweli. Sema kilima kina urefu gani na kinaanzia wapi. Watu wa baiskeli hawaogopi kilima, wanaogopa kudanganywa. Na kama hao wa Moshi wakifanikisha njia yao na wakaona busara ya kuichepusha kwako, basi shirikianeni, maana njia yenye mwisho wa kueleweka inajiuza yenyewe. Waingereza wana ile ya pwani kwa pwani, ilifunguliwa 1994, kama kilomita 225, watu wanachovya gurudumu la nyuma kwenye bahari ya Ireland pale Whitehaven na la mbele kwenye bahari ya Kaskazini pale Sunderland, ni maji tu, lakini kila mwaka maelfu wanakwenda kuchovya. Tanga ina bahari.

Jambo kaka. Niko Bukavu, napandaka velo. Nilipita njia moja ya wageni ya masiku mengi, sitaitaja. Vibao viko, lakini kimoja kiligeuka kinatazama kwenye maji, na kingine kinatupeleka kwenye barabara ya lami mpya yenye malori. Njia ikishazinduliwa nani anaiangalia?
*Msomaji wa Bukavu*

Jambo sana ndugu. Umeuliza kile ambacho watu wa uzinduzi hawapendi kuulizwa. Siku ya utepe wako wote, waziri, ngoma, fulana. Miaka mitatu baadaye mbuzi wamejikuna kwenye nguzo, kibao kimezunguka, na aliyekuwa anashughulikia amehamishwa idara. Kwenye nchi zetu lami ikija kwenye njia ya baiskeli ni baraka kwa kijiji na msiba kwa njia, yote mawili kwa wakati mmoja, na anayetakiwa kuihamisha njia upande wa pili wa kilima awe anajulikana kwa jina kabla lami haijafika. Njia kama ya Congo Nile hapo ng'ambo yenu Rwanda, Rubavu mpaka Rusizi, kilomita 227, inapita eneo lilelile la ziwa Kivu ambako lami imetandikwa miaka ya karibuni, hapo huwezi kuchora mara moja ukalala.

Hata wenye pesa yamewakuta. Wale wa Uingereza niliowataja kwa vijana wa Moshi, shirika lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Sustrans, mwaka 2018 walitoa ukaguzi wa mtandao wao wote wakakuta asilimia 42 ni mbovu na asilimia 4 mbovu sana. Wangeweza kukaa kimya, ramani ilikuwa inapendeza. Badala yake 2020 wakaondoa au kushusha hadhi karibu robo ya mtandao, sehemu kubwa ni vipande vilivyokuwa kwenye barabara zenye magari mengi, wakaona afadhali mtandao mfupi unaosema kweli. Mi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa zile kilomita zote walizofungua. EuroVelo nao, ule mtandao wa njia 17 za kuzunguka Ulaya nzima, hawakuruhusu kila nchi ijisifie tu, wakaweka ukaguzi, mtu anapita njia yote anaandika kipande kwa kipande, lami ikoje, magari mangapi, kuna pa kulala, kuna usafiri wa umma wa kubeba baiskeli, na ya kwanza kupewa cheti ilikuwa ya mto Rhine, 2014, zingine zikasubiri.

Kwa mifuko yetu inafanyika hivi. Njia inakatwa vipande vya siku moja, kila kipande kina mtu wake anayeishi hapohapo, fundi baiskeli ndiye bora kuliko wote maana wageni lazima wafike kwake, analipwa kidogo kwa kupita mara moja kabla ya masika na mara moja baada, anabeba spana, kopo la rangi na panga la kukata majani yaliyofunika alama. Pesa hiyo itengwe siku ya bajeti ya vibao, sio baadaye, kama mfadhili hataki kulipia matunzo punguzeni idadi ya vibao. Na kila kibao nyuma kiandikwe namba yake na namba ya simu, ili mgeni wa kama wewe asiseme "kuna kibao kimegeuka huko ziwani", aseme 58 kimegeuka, na mtu wa kipande hicho aende na spana kesho yake. Hiyo namba ya simu iwe ya ofisi, isiwe ya mwenyekiti, wenyeviti hubadilika na laini hufungwa.